Wembe Mmoja wa Nyumba

Tulimzika Nabintu mwezi uliopita, na kabla hatujamaliza kunawa mikono watu walikuwa wameshapata jibu. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai la msiba, na nyuma yangu wanawake wawili walikuwa wakinong'ona kwa ile sauti ya mnong'ono unaotaka kusikika. "Uliona ile tumbo?" alisema mmoja. "Ile haiko ugonjwa ya Mungu. Balimupatia sumu." Mwenzake akavuta pumzi, akasema hata macho yalikuwa ya manjano, na kila mtu anajua macho ya manjano maana yake ni nini. Niligeuka nikawatazama, wakanyamaza. Hapa mtaani Rugenge watu hunyamaza nikiwatazama, maana mimi ni mama wa labo, yule wa maabara, na karibu kila mmoja wao nimewahi kumfunga mpira mkononi na kumtoa damu. Damu ya Nabintu niliiona mara ya kwanza mwaka ambao tuliishi katika kiwanja kimoja, yeye akiwa mkazamwana wa mwenye nyumba na mimi mpangaji wa chumba cha nyuma, msichana wa staji, wa kujifunza kazi, aliyejiona amesoma. Nimeishi miaka mingi tangu hapo, lakini nikiulizwa ni mwaka gani ulinifanya niwe mtu niliye, ni ule. Na sijapata kuusimulia bila kusikia baridi kwenye kifundo cha mkono.

Labo ya kituo chetu cha afya ilikuwa chumba chembamba chenye meza moja, hadubini moja na dirisha lililotazama ukuta wa jirani. Mkubwa wangu alikuwa Papa Faustin, mzee mnene mwenye utani, aliyeweza kuimba nyimbo za kanisa huku akihesabu vijidudu vya malaria. Mwaka ule daktari mmoja alitoka Bukavu na maboksi ya vipimo. Alitaka kujua akina mama wenye mimba wa huku kwetu, ni wangapi kati yao wanatembea na virusi fulani bila habari. Akina mama wenyewe waliogopa kirusi kimoja tu, cha sida, yaani ukimwi. Wakiambiwa hawana sida walicheka, wakakumbatiana, wengine walipiga vigelegele mle barazani. Papa Faustin aliwatazama kupitia mlangoni, akaniambia taratibu: "Banacheka mapema, binti yangu. Ile ingine njo iko mingi." Ile nyingine ilikuwa hepatite, ugonjwa wa ini, ile ya herufi B. Inaweza kukaa kwa mtu miaka na miaka, yeye akila, akinenepa, akizaa, akicheza ngoma harusini, halafu siku moja tumbo linaanza kujaa maji.

Siku za kliniki ya wenye mimba tulipanga vijikaratasi vya kipimo mezani mstari mmoja, kila kimoja na tone lake la damu, na nje kwenye mabenchi wenye damu hiyo walikuwa wakiimba. Hicho ndicho kilichonitisha, kule kuimba. Mstari wa kwanza hutokea upesi, huo ni wa kila mtu. Wa pili, ule wa kirusi, kama upo, huja polepole; kwanza hakuna kitu, halafu unadhani macho yako yamechoka, halafu upo. Na ulikuwa unakuja, kwenye kijikaratasi hiki, kisha kwenye kile, mara nyingi kuliko alivyotegemea hata daktari wa Bukavu. Nilitoka kuwaita kwa majina. Walikuwa wazuri, ngozi zinang'aa kama ngozi ya mwenye mimba inavyong'aa, na mimi nilikuwa nimetoka kuona kilichokuwa ndani. Nilianza pia kuona kitu kingine. Nilipofunga mpira mikononi mwao niliona chale ndogo, tatu tatu, upande wa juu wa kifundo cha mkono, zimekaa palepale kwa wengi wao. Nilimwonyesha Papa Faustin. Alizitazama kwa muda, akaacha kuimba. Akasema chale si ushahidi, kirusi hiki kina milango mingi, hata kwa mume, hata kwa mama anapozaa. Kisha akaongeza kwamba yeye wembe wa mtu mwingine hautamgusa hata akiwa maiti.

Nyumbani kwa Nabintu chale hizo zilikuwa kwenye kila mkono. Kiwanja kilikuwa chini ya mlima, mahali ambapo jua hutuacha mapema. Saa za alasiri kivuli cha mlima kinashuka juu ya mabati, tunawasha mbabula za makaa gizani, na ng'ambo ya ziwa Bujumbura bado inang'aa kwenye jua la mchana wa watu wengine. Mume wa Nabintu alikuwa mjini Baraka kwa biashara ya samaki, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya mama yake, Koko Nzigire. Alikuwa bibi mdogo wa mwili, safi, mwenye mikono laini, na nilimpenda tangu siku ya kwanza. Aliniletea bugali na sombe ya majani ya muhogo kabla sijafungua begi langu, akatia kidole kwenye sombe, akakilamba mbele yangu, halafu ndipo akanisogezea sahani. Huku kwetu ndiyo heshima: anayekupa chakula au kinywaji anaonja kwanza, ili ule ukiwa na roho nyeupe. Ukiona mtu hakuonja, sema umeshiba.

Koko alikuwa amezika watoto wawili, mwanawe mkubwa na binti yake Aline, wote kwa tumbo lile la maji na macho yale ya manjano. Chumba cha Aline kilikuwa kando ya changu, ukuta wa mbao kati yetu, mlango umefungwa kwa kitambaa. Kila siku baada ya kula, Koko aliosha sahani zetu, na pamoja nazo aliosha sahani za marehemu, ambazo hakuna aliyezilia, akazianika juani pamoja na zetu. Ya Aline ilikuwa ya bati, nyeupe, yenye ua jekundu. Hakuna aliyesema lolote juu ya jambo hilo, na baada ya wiki chache hata mimi niliona la kawaida, nikawa nasogeza sahani ya Aline ili kuweka yangu. Adui wa nyumba hakuwa anajulikana. Ilijulikana tu kwamba yupo, yu karibu, na anatia sumu kidogo kidogo.

Nabintu alikuja kliniki ya wenye mimba siku yangu ya zamu. Alikuwa mcheshi, mwanamke wa kucheka na meno yote, akanitania nilipokuwa natafuta mshipa: "Mapendo, usimalize damu yote, iko ya mutoto." Niliweka tone. Nilitazama ukutani, nikatazama tena mezani, na mstari wa pili ulikuwepo, mwekundu, hauna haya. Papa Faustin ndiye aliyemwambia, mlango umefungwa, na mimi nikiwepo kwa sababu Nabintu alinishika mkono na hakuniachia. Alimweleza kwamba mtoto anaweza kuokolewa: akichomwa sindano ya chanjo siku ile ile ya kuzaliwa, kabla ya jua la pili, na nyingine baadaye, uwezekano wa kirusi kumpata ni mdogo sana. Nabintu alisikiliza. Hakulia. Alisema neno moja tu kuhusu yeye mwenyewe: "Koko asijue." Nikamuuliza kwa nini. Akanitazama kama anayemtazama mtoto asiyejua kitu. "Weye unaikala mu ile nyumba, hauone? Wakijua iko mu damu yangu, batasema minye njo nililetaka. Batasema minye njo niliua Aline." Na kweli wangesema hivyo. Tuliapa kunyamaza, sisi watatu, katika chumba kile kinachonuka spiriti.

Chanjo ya watoto wachanga haikuwepo kituoni. Nilivuka mpaka wa nchi pale Kavimvira na termosi yenye barafu, nikaingia Bujumbura, nikanunua kichupa kimoja kwenye famasi na kurudi nimekikumbatia kifuani, nikipita katikati ya wabadilisha pesa na wanawake wenye mabeseni ya nyanya. Kilikuwa cha mtu mzima. Kwa mtoto nusu yake ilitosha. Papa Faustin alikiweka kwenye frigo ya labo na kunifundisha kudunga paja, kwa kutumia chungwa. Nilikuwa na furaha siku ile, niseme wazi, furaha ya mtu aliyeshika ufunguo.

Kuzaa kulipokaribia, Koko alituita wote uani. Alikuwa na kikopo cha dawa ya viatu, na ndani ya kikopo kulikuwa na wembe na majivu meusi ya dawa. Nyumba yenye mimba lazima ifungwe, alisema, maana sumu hutafuta penye wawili. Wembe ulikuwa mmoja, na hiyo haikuwa kwa sababu ya umaskini. Nilisema nitakimbia dukani kuleta za kutosha, kila mtu na wake. Koko alicheka kwa upole. "Mwanangu, wembe mingi inafunga batu mingi. Moja njo inafunga nyumba." Damu ikifuatana kwenye chuma kimoja, nyumba inakuwa mwili mmoja, sumu haipati mlango. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na alikuwa na hakika nayo kuliko mimi nilivyokuwa na hakika na hadubini. Mwenye mimba hukatwa wa kwanza. Nabintu alishika kichwa, akasema anasikia kizunguzungu, wengine waanze. Nilielewa alichokuwa akifanya: alitaka damu yake isitangulie ya mtu mwingine. Wakakatwa mashemeji, wakakatwa watoto wa Aline, Koko akajikata mwenyewe, chale tatu, anapaka majivu, anasema jina, na hakuna aliyelia. Nabintu akawa wa mwisho wa ukoo. Niliona damu yake ikitoka nyeusi kidogo kwenye kile kivuli cha mlima. Koko hakuufuta wembe. Akanigeukia.

Kwa kuwa nililala na kula pale, mimi pia nilikuwa wa nyumba. Alinyoosha mkono wake laini kuuchukua wangu, na nyuma ya bega lake Nabintu alinitazama, akatikisa kichwa mara moja, kidogo sana. Nilirudisha mkono. "Koko, unisamehe," nilisema. "Minye hapana." Koko alibaki na wembe hewani. Hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika. Alinitazama usoni kwa muda mrefu, kwa huzuni, kama mtu aliyetafuta kitu miaka mingi na sasa amekiona mahali ambapo hakupenda kikutwe.

Kesho yake chakula changu kililetwa kwenye sahani ya Aline. Bugali, ndagala, vyote vizuri. Aliyekileta hakuonja. Nilikaa mbele ya lile ua jekundu, tumbo likilia kwa njaa na mkono ukikataa kwenda. Ni Nabintu aliyekuja na tumbo lake kubwa, akachuchumaa kwa shida, akamega tonge kwenye sahani yangu, akala mbele ya wote, akalamba na vidole. Lakini yeye alikuwa mkazamwana tu. Kuanzia hapo nikipita walifunika masufuria. Maji niliyochota yalimwagwa. Na nikiwa nimekaa chumbani alasiri, nilisikia kupitia mbao sauti ya Koko, ndani ya chumba cha Aline, ikizungumza taratibu na mtu ambaye hakujibu. "Anatoa batu damu kila siku, mama. Anatia mu chupa. Anaipeleka wapi? Aliingia kwetu, banamupa chakula yako. Sasa anangojea mutoto." Jambo baya zaidi ni kwamba kwa upande wake hesabu ilikubali. Mtu anayechukua damu za wenye mimba, anayenong'ona na mkazamwana mlango ukiwa umefungwa, anayekataa kufungwa na nyumba. Ningekuwa Koko, ningejiogopa. Tena katika mji huu nimeona wanachofanyiwa wanaoitwa watu wa sumu, na kila asubuhi nilipotoka nilitazama kama kuna vijana wamesimama kwenye njia.

Papa Faustin aliniambia nihame. Nilikataa, kwa sababu ya kile kichupa. Kama ningehama, nani angeingiza sindano katika nyumba ile? Nabintu alikuwa amepanga kuzalia kituoni, lakini uchungu ulipomshika Koko alifunga mlango wa uani, akasema mjukuu wake hatazaliwa mahali ninapofanya kazi. Mtoto alizaliwa asubuhi, ndani ya nyumba, msichana, mzima. Habari ilinifikia labo. Nilichukua termosi na sindano mbili mpya, moja ikiwa ya akiba, na Papa Faustin akaniombea kwa sauti mpaka nikamwambia inatosha.

Koko alikaa kwenye mkeka mlangoni pa chumba cha mzazi, mtoto mapajani mwake. Mashemeji walisimama nyuma. Nilipiga magoti kwa mbali, nikasema nimeleta dawa ya mtoto. Kutoka ndani ikatoka sauti ya Nabintu, dhaifu: "Koko, minakuomba. Muache amuchome." Koko aliinamia mtoto, akamnusa kichwa. "Weye ulikataa ya kwetu," aliniambia. "Sasa unaleta ya kwako. Onja kwanza."

Nilidhani anasema kuonja kwa mdomo. Halafu nikaona anatazama paja langu, nikaelewa, na nikataka kucheka na kulia pamoja. Nusu ya mtoto, na nusu nyingine ambayo ningeitupa. Nilifungua kichupa, nikavuta nusu kwenye sindano ya kwanza. Nilipochukua ya pili shemeji mmoja alipiga kelele: "Mbili juu ya nini? Moja iko ya uzima, ingine iko ya kifo!" Koko akanyoosha kidole. Alitaka sindano moja, mimi kwanza, mtoto baadaye, kama pombe kwenye kikombe kimoja. Lile ndilo jambo ambalo nisingelifanya. Sikuwa na maneno ya kumweleza bila kumtaja Nabintu, wala bila kumwambia mama aliyezika watoto wake kile nilichokuwa nafikiri juu ya kikopo chake. Macho yangu yaliangukia sahani yangu ya asubuhi, ile ya Aline, imeoshwa, imewekwa juani. Nilijaza sindano ya pili, nikaivuta ile sahani. Nikatandika kitambaa safi, nikalaza sindano zote mbili juu ya ua jekundu, zimejaa sawasawa, vifuniko vyake juu, na kuisukuma mbele ya Koko.

"Chagua weye, Koko," nilisema. "Yenye utanipa, njo yangu. Yenye itabakia, ya mutoto."

Alizitazama. Kivuli cha mlima kilikuwa kimefika ukingo wa mkeka. Mkono wake ulikwenda kwenye moja, ukasita, ukahama, ukarudi. Akanipa ya kushoto. Nilijidunga paja palepale, mbele ya wanaume, kitenge kimepandishwa, na sikuona haya. Koko alinitazama machoni akingoja nianguke. Tulikaa hivyo kwa muda mrefu, mtoto akanyonya kidole, kuku wakarudi uani. Kisha Koko mwenyewe alifunua paja la mjukuu wake, dogo kama kidole gumba changu, akageuza uso. Mtoto alilia kwa hasira. Ndani Nabintu naye akalia, kile kilio ambacho hakulia siku ya jibu lake.

Walimwita Sifa. Sindano zilizofuata hakuna aliyezipinga, ilimradi kila mara nianze mimi, na Koko achague. Ndivyo mimi mwenyewe nilivyochanjwa, kwa mkono wake. Sikumwambia kamwe nilichofikiri juu ya wembe, na sijuti. Alikufa mzee, usingizini, akiamini kwamba aliwalinda aliobaki. Nabintu aliishi miaka mingi na siri yake, akacheka na meno yote, mpaka maji yalipoanza.

Wiki iliyopita Sifa alikuja labo. Ana mimba, ya kwanza. Alikaa kwenye kiti kile kile, ingawa chumba sasa kina madirisha mawili, akaniita mama mdogo, akanyoosha mkono wa kuume. Nilifunga mpira. Juu ya kifundo palikuwa na chale tatu, mpya, majivu bado yapo ndani.

"Nani alikukata?" nilimuuliza.

"Ni siku tulimuzika mama. Shangazi alisema sumu ingali mu nyumba." Akaona uso wangu, akatabasamu kunituliza. "Na kile kikopo cha Koko, mama mudogo. Kingaliko."

Niliweka tone. Mstari wa kwanza ukaja. Nilikaa nikingoja wa pili, na niliomba, mimi ambaye siombi sana. Niliongeza muda, nikainua karatasi kwenye mwanga. Haukuja. Zile sindano za sahani ya Aline zilikuwa bado zinafanya kazi ndani yake. Nilimkumbatia, nikalia, akacheka na meno ya mama yake. Ndipo nikakumbuka kumuuliza, siku ile uani, walikatwa akina nani kwa wembe ule.

Sifa alianza kuwataja, akikunja kidole kwa kila jina. Alimaliza mkono mmoja, akaanza wa pili.